Wito wa Breki

...kwa sababu tairi halina haraka na mtu, linajaa linapotaka lenyewe, na kapampu haka ka mkononi ni kafupi, kila nikikasukuma kanatoa sauti ya mzee anayepanda ngazi, fyuu, fyuu, mdogo wangu amechuchumaa mbele yangu ameshika gurudumu lake kwa mikono miwili lisilale, haniangalii mimi, anaangalia vali, na kule mbele, pale nyasi zinapokatika na kinjia kinapoanza kuporomoka, mume wake amesimama ametanua miguu juu ya baiskeli yangu, yangu mimi, anakaza mikanda ya kinga za magoti huku anapiga mluzi, "Kamanda! Tunazeeka huku!" ananiita Kamanda tangu asubuhi, shemeji mzima, nami najibu, "Dakika mbili, shemeji," kwa sauti tamu kabisa, sauti ya kuuzia maua, wala sikujua kama ninayo, mimi ninayejulikana bonde zima kwa kumpa mtu ukweli wake mbele ya pua yake, mimi niliyemwambia mwenye hoteli mbele ya wageni wake kwamba baiskeli anazowakodisha ni vyuma chakavu vilivyopakwa rangi, akasusa kuniletea wateja mwaka mzima na sikulifuta neno langu, mimi leo nina kitu kimoja tu cha kusema, kidogo, hata mtoto anaweza kukisema, na kimelala ulimini kama kokwa, sikitemi, sikimezi... breki ziko kinyume, shemeji. Basi. Maneno matatu na heshima yake. Mkono wa kulia ni breki ya mbele kwenye baiskeli hiyo, si ya nyuma kama ulivyozoea wewe, si ya nyuma kama baiskeli zote nilizopanga pale karakana kwa ajili ya wateja, hiyo ni ya kwangu, na ya kwangu nimeifunga nilivyotaka, kwa sababu mimi sikufundishwa na mtu, mimi nilianzia kwenye pikipiki ya kusambaza mikate, na kwenye pikipiki mkono wa kulia unakamata gurudumu la mbele, vidole vikakariri, vikagoma kabisa kujifunza upya, kwa hiyo kila baiskeli inayokuwa yangu kitu cha kwanza ninafungua mirija ya mafuta ya breki na kuibadilisha, ya kulia mbele, ya kushoto nyuma, na haipandi mtu mwingine, ndiyo sheria ya karakana yangu, haipandi mtu, na leo imepandwa.

Fyuu. Shemeji alifika mbele ya mlango wangu asubuhi na baiskeli yake mpya inayong'aa kama kijiko, akataka kutuonyesha, anakuja mbio uani kwenye changarawe, anabana kwa mkono wa kulia, gurudumu la nyuma linafungwa na kuburuta nusu duara kama ufagio, vumbi linapanda, rafiki yake mfamasia anapiga makofi, "Dokta! Dokta! Rudia!" akarudia, akarudia tena, na safari hiyo akafagia mpaka kwenye ngazi ya karakana, mkono wa gia wa nyuma ukapinda ukaingia ndani ya spoki, kraa, na yeye akashuka akasema ngazi yangu imejengwa mahali pabaya. Ngazi yangu. Imekaa pale kabla yeye hajaota ndevu. Nikamwambia ngazi haijahama, aliyehama ni yeye, mfamasia akacheka, na mwenyewe akacheka, lakini kwa meno tu, ana meno mazuri sana, kliniki yake yote inajitangaza mdomoni mwake, na baiskeli za kimo chake zilikuwa zimekwisha kuondoka na kundi la jana, ikabaki yangu, nikaitoa, nikamshushia siti kidogo, nikainua kichwa, na hapa naapa, nilikuwa nasema, mdomo ulikwisha kufunguka, "Shemeji, kabla hujapanda, breki za hii..." akaniwekea kidole mbele ya midomo yangu, hakunigusa, karibu, kidole kinanuka sabuni ya hospitali, "Shemeji, mimi nimeendesha baiskeli kabla wewe hujajua kukaza nati. Nionyeshe njia. Baiskeli niachie mwenyewe." Mfamasia akacheka tena, huyo hucheka hata Dokta akipiga chafya, nami nikafunga mdomo. Hasira tu ilikuwa, hasira ndogo ya asubuhi, ya mtu aliyekatizwa uani kwake, nikasema moyoni, vizuri, ataijua huko juu, nitakapoita, mbele ya wote, atabana mkono wa kulia na kusimama juu ya gurudumu la mbele na kutoa macho kama kuku, nami nitamwuliza, vipi Dokta, nati zinakazwaje? Hiyo tu ndiyo iliyokuwa nia yangu. Kumwaibisha. Kumwaibisha mtu si kumuumiza.

Kwa sababu mimi ninaita, kila safari ninaita, kwenye kila ukingo kabla gurudumu halijashuka, huo ndio utaratibu wangu na wateja huucheka kisha wakirudi nyumbani ndiyo wanaukumbuka kuliko milima yenyewe, napanga watu mstari, nasimama mbele yao, naita "Kushoto!" kila mtu anasukuma baiskeli hatua moja na kubana mkono wa kushoto peke yake, na lazima aseme kwa sauti gurudumu gani limekamata, "Mbele!" wanajibu, kisha "Kulia!" wanabana, "Nyuma!" watu wazima, mahakimu, wenye maduka, wanapiga kelele kama watoto wa chekechea, siruki hata siku moja, hata nikiwa peke yangu nimepanda kwa ajili ya kusafisha njia ninajiitia mwenyewe na upepo unanisikia, kwa sababu mlima hausikilizi sababu, huko chini ukibana kisichobanwa hakuna wa kumlalamikia. Leo sijaita. Tulifika ukingoni, wakajipanga wenyewe maana wameshasimuliwa, mdogo wangu akasema, "Dada, tairi langu limekwisha," na kweli, mwiba, nikapiga magoti, nikatoa tyubu, nikabandika kiraka, na nikashukuru. Nilishukuru mwiba. Hapo ndipo nilipojishtukia. Mtu aliyekusudia kuita hashukuru mwiba.

"Huyo mke wangu akipewa njia ya lami iliyofagiwa atapata pancha," anasema kule mbele, hasemi na mtu, mfamasia ameshateremka kwa miguu mpaka kwenye kona ya kwanza na kamera yake, namwona kofia tu kati ya mawe, "Dokta, uje kwa kasi! Nikupate ukiburuta!" na Dokta anamwonyesha dole gumba, na mimi naijua kona hiyo kama ninavyoijua sinki ya jikoni kwangu, inakuja ghafla chini ya ukingo, changarawe imetandazwa juu ya mwamba kama mahindi sakafuni, unageuka kushoto kwa adabu, kwa breki ya nyuma kidogo na uzito kwenye mguu wa nje, na nje yake hakuna nyasi, hakuna kichaka cha kukuhurumia, kuna mawe yaliyoporomoka na kulala vile yalivyotaka, ncha juu. Atafika na kasi ya uani. Atabana kulia, vidole vyote, kama ufagio. Litafungwa la mbele. Na baiskeli yangu, namfahamu mnyama wangu, breki ya mbele nimeiweka kali, inauma kwa kidole kimoja, yeye ataweka vinne, la nyuma litanyanyuka polepole, ndivyo inavyokuwa, polepole, mtu anapata hata nafasi ya kushangaa, usukani unabaki hapo na mwenye usukani anaendelea na safari.

Fyuu. Nalijaza na mkono unauma, na ninajua kwamba ningeweza kusema sasa hivi, bila hata kusimama, ningeinua sauti tu, na mpaka pale kwenye kibanda cha mapumziko ningesema, mpaka pale bado ilikuwa mchezo, tulikuwa tumepanda tangu asubuhi barabara ya msitu, misonobari pande zote, baridi ya kivulini halafu jua la kuchoma upara kila kona ikigeuka, pale mwinuko ulipozidi tukashuka na kusukuma, na yeye mbele daima, anasimama juu ya kila kona kutusubiri ili atuone tunavyohema, akigeuka, "Mzigo wangu unakuja?" ndiye mke wake huyo, Mzigo, "Kamanda, mzigo wangu usiupoteze, nimelipia mahari!" na mdogo wangu anasukuma kichwa chini, nikapanda ubavuni kwake nikamwambia, "Mjibu basi, una mdomo," akasema, "Napumua, dada," hilo tu, nikakasirika na yeye vilevile, mimi sijui kukaa na mtu asiyejibu, nikamwacha nikatangulia. Na kwenye mteremko mdogo kabla ya kibanda nilimtazama shemeji kwa jicho la kuibia, akabana mikono yote miwili kama wanavyobana wote kwenye mteremko wa kitoto, baiskeli ikasimama vizuri, hakugundua kitu, nikacheka kidogo ndani kwa ndani, mjinga huyu... Kisha kibandani. Tumekaa kwenye benchi la mbao, mkate, mayai ya kuchemsha, chai kwenye chupa, mdogo wangu anatafuna upande mmoja wa mdomo, pole pole, kama mtu anayesikiliza kitu mbali, nikamwuliza, "Una nini, jino?" na kabla hajameza mumewe akadaka, akafurahi kabisa, kama mtu aliyeombwa kuimba, "Hilo? Hilo halipo! Hajakuhadithia ndugu yako? Shemeji, mdogo wako anaogopa sindano kuliko chatu! Mke wa daktari wa meno! Wagonjwa wangu wakisikia nitafunga kliniki. Jino la nyuma limeoza, namwambia kaa tukuchome ganzi, analia, anataka kushuka kitini. Nikamwambia sawa, hutaki sindano? Hakuna sindano." Akanyanyua mkono wake wa kulia akakunja vidole kama ameshika koleo, akazungusha, kulia, kushoto, kama anayefungua kopo, na mdomo wake akautolea sauti, sauti ya mfupa ukiachia, akaifanya vizuri, mtu mwenye kipaji, "Nikamtia ujasiri! Sasa mwulize kama anaogopa sindano. Mama, unaogopa sindano?" Na mdogo wangu akasema, "Siogopi." Mfamasia akacheka mpaka yai likamtoka mdomoni. "Ukamfunga, Dokta?" "Nimfunge nini, nilimshika tu na goti. Mtu akishikwa anatulia." Na akampapasa kichwa. Na mimi, mimi wa mdomo, mimi niliyemfukuza mteja njiani kwa kutupa ganda la ndizi, nilikaa pale na kikombe cha chai mkononi kama picha, nikamtazama mdogo wangu, akaokota makombo ya mkate mapajani moja moja, na nilichosema nakikumbuka, nilisema, "Haya, maji mmejaza? Tupande." Hilo ndilo nililosema. Sauti hiihii ya maua. Nilifikiri ni woga, nikajiapiza njia nzima mpaka juu, mwoga wewe, mwoga, na miguu ikawa inasukuma yenyewe, haikuchoka hata kidogo, na kabla ya ukingo nikagundua si woga. Nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nimetulia kama mtu aliyekwisha kuagiza chakula na anajua kitaletwa.

Goti. Alimshika na goti. Wapi, kifuani? Tumboni? ... na namtazama sasa goti lenyewe, anaikaza kinga yake ya plastiki, anajilinda magoti, akili hiyo, meno hajayavalisha kitu, helmeti aliyonayo ni ya wazi mbele, ile ya kufunika kidevu aliikataa karakana, "Nitaonekanaje kwenye picha?" basi utaonekana, Dokta, utaonekana vizuri, ujing'oe mwenyewe, yote ya mbele kwa mpigo mmoja, bila ganzi, juu ya jiwe ambalo halijanawa mikono, na mfamasia akuchukue kwa kamera ukitoa ile sauti uliyoitoa kibandani, tuone kama ulituigizia vizuri. Na kifundo cha mkono. Cha kulia, tafadhali. Mtu akiruka juu ya usukani hutanguliza mikono, kila fundi wa mifupa anajua, kifundo kivunjike vipande, kikiungwa kiungwe kimepinda, asishike tena koleo hata la kung'olea misumari, nachagua kama niko buchani, nipe hapa, nipe na hapo, mfupa wa bega niachie, sina ulafi, meno na mkono vinanitosha, shingo sitaki, shingo usinifungie... na jiwe linaniangalia. Jiwe halina mzani. Jiwe litatoa kinachotoka. Naijua sauti ya hilo pia, nilishawahi kupiga simu ya uokoaji kutoka milimani na kumsikia mtu wa upande wa pili akiniuliza, anapumua? na mimi kuangalia... fyuu, fyuu, sitaki shingo, nimesema, lakini nikisema sitaki shingo na bado sisemi breki nimesema nini? Nimesema naitaka kwa masharti. Hivyo ndivyo mtu mnyoofu anavyosema? Halafu kesho nitamwambia mwenye hoteli ukweli wake kwa mdomo upi?

Lakini ni kwa ajili yake huyu. Huyu aliyechuchumaa. Nani mwingine atamfanyia, yeye hajui hata kukohoa bila ruhusa, tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nagombana kwa niaba yake, shuleni, dukani, kwa shangazi, yeye anasimama nyuma yangu ameshika sketi yangu na mimi natukana, na hata siku alipoolewa nilimwambia, huyu mwanamume anacheka sana na hacheki na macho, akasema, dada, kwako kila mtu ana kasoro, na ni kweli, lakini nilikuwa sahihi, na juu ya karakana kuna kile chumba, mwezi uliopita nilitoa rimu zote kuukuu, nikapaka chokaa, nikaweka godoro na pazia, sikumwambia, nilisubiri aseme mwenyewe, atakuja tu, siku moja atakuja na begi, na leo kesho, mumewe akiwa amelala hospitali na taya limefungwa waya, nani atamzuia, atapita mlangoni na begi lake mchana kweupe na asiwe na mtu wa kumwita mzigo. Ndiyo. Kwa ajili yake. Nikiangalia hivi inaonekana safi, kama deni la... hapana, si deni, ni haki, ni mimi na mlima tu na yeye hajui kitu, mikono yake itabaki myeupe, atalia, ataniambia, dada, imekuwaje, nami nitamwambia ajali, mdogo wangu, ajali, na hilo nitalibeba mimi, nina mabega.

"Dada." Hajainua kichwa. "Mm." "Leo usiite breki."

... Fyuu. Pampu imeenda yenyewe. Nimesikia vibaya, upepo, ukingoni hapa upepo unasema vitu, "Umesemaje?" na yeye, taratibu, vilevile, kama anayeniomba chumvi, "Ule wito wako. Leo uache. Mwache ateremke tu." Na bado anaangalia vali. Vidole vyake vimetulia kwenye tairi. Anajua. Anajua nini? Anajua... mjinga ni mimi, mjinga wa mwisho, yeye alijifunzia wapi baiskeli kama si kwenye hiyohiyo, yangu, kwenye uwanja wa magari nyuma ya karakana, alipasuka kidevu siku ya kwanza kwa sababu ya mkono wa kulia, wiki nzima akawa anajikaririsha huku akiosha vyombo, kulia mbele, kulia mbele, mpaka nikamwambia anyamaze ananitia wazimu. Anaijua kama kidevu chake. Na asubuhi uani, wakati mimi nakuna kichwa nasema baiskeli za kimo chake zimekwisha, labda tuahirishe, ni nani aliyesema, nani, sauti ndogo kutoka nyuma yangu, nikadhani ni ya kusaidia, nikadhani anaogopa mumewe asikasirikie safari kuvunjika, "Mpe ya kwako, dada, kimo chenu ni kimoja." Ndivyo alivyosema. Asubuhi. Kabla ya kibanda, kabla ya koleo la vidole, wakati mimi nina kihasira changu cha kuwekewa kidole mdomoni, yeye alikuwa ameshafika huku ukingoni na kukaa na kusubiri.

Namnong'oneza, mimi, kunong'ona, "Unaijua hiyo kona?" "Naijua, si ulinileta." "Anaweza kufa." Anafikiri kidogo, anafikiri kweli, kama nimemwuliza kama kutanyesha, "Hafi. Mfamasia yuko palepale." Kisha, "Ataumia tu." Nikamwambia, na hapa nilitaka kumpa, nilitaka kumwekea mkononi kile chumba, pazia na chokaa, "Akiumia uje kwangu. Chumba kipo. Nimekitengeneza, juu pale. Uje leo hii hii," na ndipo akaniangalia, mara ya kwanza tangu kibandani, uso umechangamka, na amenionea huruma, Mungu wangu, ameniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto aliyemletea ua lililonyauka, "Nije kwako kufanya nini, dada? Nani atamwuguza?" ... "Nesi," nikasema, "hospitali, mama yake, sijui, nani anajali." "Hapana. Nitamwuguza mwenyewe. Nyumbani. Sitaki nesi anikanyagie nyumba." Na akatabasamu, na nikaona pale pembeni, nyuma, giza dogo ambapo kitu kilikuwepo. "Atakuwa hawezi kushika kijiko," akasema. "Itabidi asubiri nimpe."

Atasubiri. Nimeona jikoni kwao, ninaijua, meza ndefu ya kioo anayoifuta mdogo wangu kila saa, mumewe kaketi mwisho wa meza na waya mdomoni na mkono kwenye plasta, na huyu anakuja na bakuli, polepole, haraka ya nini, linapoa, linarudishwa jikoni kupashwa, linakuja moto mno, "Pole, Dokta, nilisahau," na hapigi kelele maana hana cha kupigia, na wageni wakija atakaa nao akiwasimulia, kwa upole uleule, jinsi mume wake anavyolia akibadilishwa bendeji, mwulizeni kama anaogopa, na watacheka, miaka, mimi nilitaka siku moja, dakika moja kwenye jiwe, na yeye anataka miaka. Hamtaki aondoke. Anamtaka nyumbani. Sikuwahi kufikiri mtu anaweza kutamani kitu hicho kwa uso mtulivu namna hii, na nimekaa na uso huu tangu unanyonya, nimeuosha makamasi, nimeupigania, na siujui, ni nani huyu aliyeshika gurudumu? Aliyesimama nyuma yangu miaka yote ameshika sketi, mimi natukana, yeye alikuwa anaangalia nini kupitia kwapa langu? Na mimi ndiye chombo. Baiskeli yangu, karakana yangu, ukimya wangu, na watakapouliza, polisi, mfamasia, mama mkwe, nani aliyempa baiskeli yenye breki kinyume, mke wake atakuwa amepiga magoti mawe yanamchoma analia machozi ya kweli, atalia kweli, najua, na watakaomtazama watanigeukia mimi. Na sitasema, "ni yeye aliyesema mpe." Hilo pia amelijua. Ananijua. Mimi simjui yeye, yeye ananijua nati kwa nati.

Basi niite. Nisimame niite, sasa, Kushoto! Kulia! uone kama koo bado langu, na kinachonisukuma kuita si huruma, usijidanganye, yule pale na mluzi wake sina huruma naye hata ya kumtupia mbwa, ningeita ili tu kumnyang'anya huyu, kumtoa kijiko mkononi, kumrudisha nyuma ya sketi yangu mahali ninapopajua. Na nikiita jioni atarudi naye. Kwenye meza ya kioo. Kwenye goti. Na Dokta atataka kujua ni nani aliyesema mpe ya kwako, huyo hasahau, atakumbuka sauti ndogo, atampapasa kichwa. Nikiita nimempeleka huyu. Nikinyamaza nimempeleka yule, na huyu nimempeleka pia, kwingine, ambako sitamfuata. "Kamanda! Unajaza tairi au unapuliza puto la sherehe?" na mfamasia kutoka chini, "Mwache, Dokta, mpe nafasi avute pumzi!" wanacheka wote wawili, kicheko kinapanda na kushuka ukingoni, na shemeji amepanda siti, mguu mmoja chini, vidole vinne vya kulia juu ya mkono wa breki, anavipigapiga kama anacheza kinanda, anasubiri neno langu, mtu huyu ambaye hajawahi kunisubiri, anasubiri kiongozi wa msafara aseme haya, na mdogo wangu chini yangu ameacha kutabasamu, anasubiri pia, macho yametulia, hata hanisihi. Nabonyeza tairi kwa kidole gumba. Gumu. Limejaa, limejaa zamani, limekuwa jiwe, naye analishika kwa mikono miwili na anajua kuliko mimi kwamba limejaa. Nikitoa pampu kwenye vali nitasimama, na nikisimama mdomo utafunguka, na kitakachotoka sikijui, mimi, maisha yangu yote kitu kikitoka mdomoni ndipo ninapokuta nilikuwa nimeshakifikiri, na sasa nimekaa hapa ninausikiliza mdomo wangu mwenyewe kama mlango wa jirani, ninangoja nisikie kama kuna mtu ndani. "Bado kidogo, shemeji," nasema, "bado laini," na ni uongo, natamka uongo mkavu mchana kweupe mbele ya ndugu yangu, na ananiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu, nami nasukuma.